Saa ya zamani ya kung'aa gizani: namna ya kujua kama ina radiamu, na la kufanya ukishajua

Maswali yanayonifikia ni yale yale. "Fundi, saa ya babu ilikuwa inawaka usiku, sasa imezima, unaweza kuirudishia?" "Namba zinamomonyoka, nikwangue nipake rangi mpya?" "Nimeambiwa ina sumu na nimeivaa miaka mitatu, itakuwaje?" Naandika jibu kamili hapa kwa sababu dakika moja kwenye simu haitoshi, na kosa katika jambo hili halijionyeshi siku hiyo hiyo wala mwaka huo huo.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyerithi au kununua saa ya ufunguo ya zamani, na wako pia fundi chipukizi ambaye hakuna aliyekueleza habari hizi. Unahusu saa za mkononi, za mfukoni na za mezani zenye kengele. Dira za kijeshi na saa za dashibodi za magari na ndege za zamani nazo zimo.

Kwanza, ni kitu gani hiki

Radiamu ni metali inayotoa mionzi yenyewe. Iligunduliwa Paris mwaka 1898 na Marie na Pierre Curie. Ukiichanganya na unga wa salfaidi ya zinki, mionzi yake huupiga ule unga usiku na mchana, nao ukatoa mwanga wa kijani bila betri na bila kuanikwa juani. Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoipa soko, maana askari alitaka kusoma saa ndani ya handaki bila kuwasha kiberiti. Iliendelea kupakwa kwenye saa hadi miaka ya 1960.

Waliolipa gharama ni wasichana waliopaka. Katika viwanda vya Orange, New Jersey, na Ottawa, Illinois, huko Marekani, walifundishwa kuchongesha ncha ya brashi kwa midomo yao kila baada ya namba chache, na kila mara walimeza chembe. Mwili huipokea radiamu kama kalsiamu, ukaihifadhi ndani ya mifupa, nayo ikaichoma mifupa kutokea humo humo. Meno yaling'oka, mataya yakaoza. Grace Fryer na wenzake wanne walilishtaki shirika lililowaajiri mwaka 1927, na shauri likaisha kwa mapatano mwaka 1928. Sabin von Sochocky, aliyebuni rangi yenyewe, alifariki mwaka huo huo wa 1928, naye kaathirika na kitu alichokitengeneza.

Na sisi wasemaji wa Kiswahili hatuko mbali na habari hii. Kuanzia 1922 mawe ya Shinkolobwe, karibu na Likasi kule Katanga, Kongo, yalipelekwa Olen, Ubelgiji, kutolewa radiamu, na kwa miaka kadhaa Wabelgiji ndio walioshika soko la dunia. Ukishika saa ya mwishoni mwa miaka ya 1920 yenye rangi hii, huenda umeshika kilichochimbwa Katanga.

Sasa shika hili, kwa sababu ndilo linalowapoteza wengi. Radiamu ya kwenye saa huchukua takriban miaka 1,600 kupungua nusu. Saa iliyopakwa mwaka 1940 bado ina zaidi ya asilimia 96 ya radiamu yake. Kilichokufa ni unga wa zinki, ambao huharibiwa na mionzi ile ile baada ya miaka michache. Kwa hiyo saa imezima, lakini mionzi iko pale pale.

Vitu vya kuandaa

- Glavu nyembamba za mpira za kutumia mara moja, jozi mbili au tatu.
- Sinia au trei laini isiyo na mianya, inayofutika. Usitumie meza ya mbao yenye nyufa.
- Karatasi za tishu, na maji kwenye chupa ya kupulizia.
- Makopo mawili ya plastiki yenye mfuniko wa kukaza, moja liingie ndani ya jingine.
- Kalamu ya wino usiofutika na karatasi ya kubandika.
- Lenzi ya fundi, au kamera ya simu inayokuza vizuri.
- Tochi ya UV. Ile taa ndogo wanayokagulia noti bandia madukani inafaa kabisa.
- Barakoa nzito ya kuchuja vumbi, aina ya N95, iwapo kioo kimevunjika.
- Kipima mionzi, ukiweza kuazima. Bila hicho utafika karibu na jibu, lakini hutakuwa na uhakika.

Chumba kiwe na hewa. Watoto na mama mjamzito wasiwepo. Usile, usinywe, usivute sigara, na usishike simu kwa glavu ulizoshikia saa.

Hatua kwa hatua

1. Usiifungue. Hili ni la kwanza na ndilo gumu kuliko yote, maana mkono wa mtu mwenye saa mpya daima unakwenda kwenye mfuniko wa nyuma. Saa ikiwa imefungwa na kioo chake ni kizima, mionzi mikali ya karibu, ile ya alfa, inazuiwa na kioo. Hatari kubwa ni vumbi la rangi kuingia mdomoni, puani au kwenye kidonda. Ukiifungua, umelifungulia mlango.

2. Ikague kioo. Iweke kwenye trei, vaa glavu, iinamishe taratibu karibu na mwanga. Ukiona kioo kimepasuka, au vipunje vya rangi vinatembea chini ya kioo kama mchanga, acha hapo na uruke hadi hatua ya 7.

3. Soma maandishi. Tazama chini kabisa ya uso wa saa, penye 6. Ukiona herufi T pembeni mwa neno SWISS, yaani "T SWISS T", au "T<25", hiyo ni tritiamu, iliyokuja kuchukua nafasi ya radiamu. Herufi T ndani ya duara kwenye saa za jeshi la Uingereza ina maana hiyo hiyo. Herufi L pembeni ni rangi ya kisasa isiyo na mionzi. Ukiona "SWISS" au "SWISS MADE" peke yake kwenye saa yenye rangi ya kung'aa ya kabla ya miaka ya 1960, ichukulie kuwa ni radiamu mpaka ithibitike vingine.

Geuza nyuma. Saa za askari wa Uingereza za mwaka 1945 zina herufi W.W.W. na alama ya mshale mpana. Zilitengenezwa na makampuni kumi na mawili, miongoni mwao Omega, Longines, Cyma, Record na Timor, na zilitoka na radiamu. Usidanganyike na uso uliobadilishwa baadaye: mishale ya kuonyesha saa inaweza kuwa ya zamani na uso ukawa mpya, au kinyume chake.

4. Itazame rangi yenyewe. Radiamu iliyozeeka huwa ya maziwa yaliyochacha, haradali, au kahawia ya kuungua, na mara nyingi imejaa nyufa kama tope lililokauka. Lakini alama ninayoiamini zaidi ni kivuli. Kuna binti aliniletea saa imefungwa ndani ya leso.

"Shikamoo fundi. Hii ilikuwa ya babu, imelala kabatini tangu afariki."

"Marahaba mwanangu. Usiifungue leso juu ya meza, iweke hapa kwenye trei."

Mshale wa saa ulikuwa umesimama kwenye 4. Nilipotia ufunguo kidogo na mshale ukasogea, chini yake kulibaki alama ya kahawia yenye umbo la mshale ule ule, ncha kwa ncha, kama alama ya pasi iliyosahauliwa juu ya shuka. Rangi ya mshale ilikuwa imeuunguza uso wa saa kwa miaka yote iliyosimama pale. Ukikiona kivuli hicho, huhitaji ushahidi mwingine mwingi.

5. Fanya jaribio la giza. Iache saa ndani ya kopo kwenye droo usiku mzima. Kesho yake ingia chumba cheusi kabisa, keti dakika kumi macho yazoee, ndipo ufungue kopo. Saa inayotoa mwanga hafifu bila kuangaziwa ina mionzi ya aina fulani, radiamu au tritiamu. Isiyotoa kitu haijajisafisha kwa hilo.

Kisha iangazie kwa tochi ya UV kwa sekunde kumi, zima, hesabu. Rangi ya kisasa inawaka kwa nguvu na kufifia polepole sana. Rangi ya radiamu iliyochoka huonyesha mwanga kidogo wakati tochi inawaka, kisha hukata mara tu unapozima. Jaribio hili linakuonyesha hali ya unga wa zinki, halipimi mionzi. Litumie pamoja na hatua ya 3 na ya 4.

6. Pima, ikiwezekana. Washa kipima mionzi mbali na saa, subiri dakika mbili, andika kiwango cha kawaida cha chumba chako. Kisha kisogeze karibu na kioo bila kukigusa. Idadi ya milio ikipanda mara nyingi zaidi ya kawaida, una radiamu. Isipopanda, huenda ni tritiamu, ambayo mionzi yake ni dhaifu na haipenyi kioo, au ni rangi ya kisasa. Geuza saa upime na upande wa nyuma. Radiamu husikika huko pia, ila kwa milio michache zaidi, kwa sababu mionzi yake ya gama hupita kwenye chuma.

Usibishane na mtu kuhusu tarakimu za kwenye skrini. Vifaa vya bei nafuu hutofautiana, na umbali wa sentimita moja hubadilisha jibu. Unachotafuta ni tofauti kati ya chumba na saa.

7. Iwapo kioo kimevunjika au rangi inadondoka. Zima feni. Vaa barakoa na glavu. Lowesha tishu, usizichuruzishe maji, uifunike saa polepole, kisha iingize kwenye kopo pamoja na tishu zake. Futa trei kwa tishu mbichi kwa mkupuo mmoja, kutoka nje kuelekea katikati, kila tishu mara moja tu, na zote ziingie kopo lile lile. Vua glavu kwa kuzigeuza ndani nje, ziingie humo pia. Kaza mfuniko, ingiza kwenye kopo la pili. Nawa mikono kwa sabuni na maji mengi ya bomba, usisugue kwa brashi. Sasa fungua madirisha.

8. Ibandike jina na uiweke mahali pake. Andika juu ya kopo: "RADIAMU, USIFUNGUE", na tarehe. Usilione hili kuwa jambo dogo. Siku wewe haupo, mjukuu atakayefungua kabati ajue alichokishika.

Mahali pafaapo ni chumba kisicholaliwa, chenye hewa inayopita. Radiamu huzaa gesi iitwayo radoni, na gesi hiyo hupenya kwenye kasha la saa hata kama limefungwa. Saa moja haijazi chumba chenye dirisha wazi. Mkusanyiko wa saa nyingi ni jambo lingine: mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Northampton na Kingston, Uingereza, walieleza kuwa saa 30 za zamani katika chumba kisicho na hewa zilifikisha radoni mara 134 ya kiwango kinachoshauriwa nchini humo. Ukiwa mkusanyaji, usifungue kabati lako uso ukiwa juu yake. Fungua dirisha kwanza, kisha kabati, ukae pembeni.

9. Amua hatima yake. Ukitaka kuitunza kama kumbukumbu, iache imefungwa na ikae kwenye kopo lake. Ukitaka itembee tena, mtafute fundi mwenye kipima mionzi na chumba maalumu, na mwambie kabla hujaitoa mfukoni kwamba ina radiamu. Anayekujibu "hakuna shida, nitaikwangua" mshukuru na uondoke na saa yako.

Ukitaka kuachana nayo, usiitupe jalalani wala kuichoma moto. Moto hauiui radiamu, unaipeperusha. Tanzania wasiliana na Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC. Kenya ni Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, KNRA. Uganda ni Baraza la Nishati ya Atomiki. Piga simu kwanza, eleza ulichonacho, ndipo uambiwe namna ya kuipeleka. Usiitume kwa posta wala kumpa kondakta wa basi.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kupuliza kwa mdomo. Mafundi wengi tumelelewa hivyo: unafungua saa, unainamia, unapuliza vumbi, unavuta pumzi. Mwalimu wangu alinifundisha hivyo kwa nia njema, hakujua, nami nilipuliza miaka sita kabla ya kuelewa nilichokuwa nakivuta. Ukisoma hili na wewe ni fundi, acha leo. Kipulizio cha mpira nacho hakifai hapa, kwa sababu kinarusha vumbi lile lile hewani.

Kukwangua ili kupaka rangi mpya. Hakuna kazi ya hatari zaidi katika saa hizi. Mtu anakwangua kwa ncha ya kisu juu ya gazeti, anakung'uta gazeti nje, anarudi kula. Hata ukiifanya kwa uangalifu, mabaki yanabaki kwenye mishimo ya namba, na rangi mpya inayong'aa vizuri inamficha mnunuzi wa kesho kilicho chini yake. Mimi sifanyi kazi hiyo kwa bei yoyote.

Kusafisha kwa mashine ya kutikisa maji. Ukitia mishale yenye radiamu humo, umechafua maji, mashine, na saa za wateja wote watakaofuata.

Kuondoa vumbi kwa mashine ya kufyonza. Kichujio cha kawaida hakishiki vumbi laini kiasi hiki. Linatoka kwa nyuma na kusambaa chumba kizima.

Kuweka saa chini ya mto au kwenye meza ya kando ya kitanda. Saa za kengele za mezani zilipakwa rangi nyingi kuliko za mkononi, na ndizo watu wanazozilaza karibu na kichwa.

Ukikwama

*Jaribio la giza linasema hapana, kivuli kinasema ndiyo.* Kiamini kivuli. Unga wa zinki umekufa, basi.

*Ina T SWISS T lakini kipima mionzi kinalia.* Huenda uso ni wa tritiamu na mishale ni ya radiamu kutoka saa nyingine, au saa iliguswa na vumbi la radiamu kwenye karakana. Ichukulie kama radiamu.

*Tritiamu yenyewe je?* Hupungua nusu kila baada ya miaka 12.3. Saa ya mwaka 1970 imebakiwa na chini ya sehemu moja ya ishirini. Usiile na usiikwangue, lakini huhitaji kuihamisha chumba. Saa mpya zenye vijineli vya kioo vyenye gesi ya tritiamu ni salama kuvaa mradi vijineli ni vizima.

*Nimeivaa miaka mitatu.* Ikiwa kioo kilikuwa kizima na hukuwahi kuifungua, kiasi ulichopokea ni kidogo. Acha kuivaa, usiibebe karibu na tumbo ukiwa mjamzito, na usikose usingizi kwa ajili yake. Ukienda kwa daktari kwa sababu nyingine, mtajie.

*Mtoto ameitia mdomoni, au ameonekana na vipunje vya rangi mikononi.* Mfute mdomo na mikono kwa tishu mbichi, zihifadhi tishu kwenye kopo, nenda naye hospitali mara moja. Sema neno lenyewe, "radiamu", na ubebe picha ya saa kwenye simu. Saa yenyewe ibaki nyumbani ndani ya kopo.

*Niliifungua jana kabla ya kusoma haya.* Rudi kwenye hatua ya 7, anza na meza uliyofungulia. Nguo ulizovaa zifue peke yake. Bisibisi na koleo ulizotumia zifute kwa tishu mbichi, kisha zipime ukipata kifaa. Kama zinalia baada ya kufutwa mara mbili, ziingie kopo pamoja na saa, na uzitaje utakapopiga simu kwa mamlaka.

*Kioo kimekuwa cha njano na kina nyufa nyembamba.* Vioo vya plastiki vya zamani hugeuka hivyo vikikaa juu ya radiamu. Usikibonyeze kujaribu uimara wake. Kiko karibu kuvunjika, na kikivunjika mkononi mwako utakuwa kwenye hatua ya 7 bila glavu.